Baiskeli ya kuundiwa: Haja, pambo au majivuno?

MSIMU wa tumbaku unapofungwa na malipo yakatoka, mafundi baiskeli wa Kaliua hupata kazi ya aina yake. Mkulima haji kuziba pancha wala kukaza cheni. Anakuja na baiskeli nzima, pengine Phoenix ya Kichina au Avon ya Kihindi aliyoinunua dukani miezi michache tu iliyopita, na anamwambia fundi aivue yote. Anataka iundwe upya kwa ajili yake yeye.

Fundi anayeijua kazi yake huanza kwa kumtazama mtu mwenyewe kabla ya kushika spana. Anamsimamisha juu ya fremu aone bomba la juu linamfikia wapi. Anamuuliza atabeba nini na atapita njia ipi, maana anayefuata mizinga ya asali kwenye misitu ya Ugalla hahitaji chombo kile kile anachohitaji mwenye kupeleka mahindi mnadani au mwenye kuchota maji kwa madumu manne. Halafu uma wa mbele huongezewa vyuma viwili vya kuukaza, kwani uma ndio unaokatika mzigo unapotumbukia ghafla kwenye mchanga. Bomba la pili huchomelewa chini ya lile la juu. Keria ya dukani, ambayo ilitengenezwa kwa ajili ya mkoba wa karani, hutupwa, na mahali pake hukaa keria ya nondo iliyopimwa kwa upana wa gunia. Kiti hushonewa upya. Mwisho kabisa huja mapambo: mikanda ya rangi kwenye mabomba, taa, kengele mbili, na kipande cha mpira nyuma ya madigadi kilichoandikwa jina la mwenyewe au maneno aliyoyachagua. Ikitoka hapo, baiskeli hiyo haifanani na nyingine yoyote kijijini.

Ndugu msomaji, swali ninalotaka tulitazame leo limewahi kuulizwa zaidi ya mara moja kwenye darsa zetu, na majibu ninayoyasikia, kwa maoni yangu, ni mepesi mno. Je, ni jambo jema kwa Muislamu kutamani kitu kilichoundwa kwa ajili yake peke yake, kwa gharama zaidi ya ile ya dukani, wakati cha dukani kingeweza kumfikisha kule kule? Wapo wanaosema upesi kuwa hiyo ni israfu: chuma ni chuma na gurudumu ni gurudumu. Wapo wanaosema, nao upesi vile vile, kuwa pesa ni zake na jasho ni lake, basi aachwe. Wa kwanza hawajawahi kuvunjikiwa na uma umbali wa kilomita 20 kutoka kijiji cha karibu. Wa pili wamesahau kuwa mwenye mali ataulizwa aliipata wapi na aliitumia katika nini.

Kwanza tukubali kuwa tamaa hii si ya Wanyamwezi na Wasukuma peke yao. Kule Milan, Italia, Faliero Masi alikuwa na karakana yake chini ya majukwaa ya uwanja wa mbio za baiskeli wa Vigorelli, na wapanda baiskeli mashuhuri walimfuata hapo awaundie fremu kwa vipimo vya miili yao. Mbelgiji Eddy Merckx, alipovunja rekodi ya mwendo wa saa moja huko Mexico City tarehe 25 Oktoba 1972 kwa kwenda kilomita 49.431, alikuwa juu ya baiskeli aliyoundiwa na Ernesto Colnago, ambayo uzito wake haukufika kilo 6. Mtu huyo alijulikana kwa kuhangaikia kimo cha kiti chake hata akiwa katikati ya mashindano. Japani wana mbio ziitwazo keirin, zilizoanza mwaka 1948, ambazo zimewalisha waundaji wa fremu za chuma za mkono kwa miongo mingi, kila fremu ikitoka kwenye karakana iliyoidhinishwa. (Mbio zenyewe ni za kamari, na hukumu yake tunaijua. Nazitaja kwa ajili ya mafundi.) Leo katika Ulaya na Marekani mtu hulipa maelfu ya dola na kusubiri miezi, pengine miaka, ili apate fremu iliyochomelewa na mtu mmoja anayemjua kwa jina.

Na tusiende mbali. Jirani zetu wa Goma, mashariki ya Kongo, wana chombo chao kiitwacho chukudu. Ni cha mbao kuanzia usukani hadi magurudumu, kimechongwa kwa panga na tezo, na magurudumu yake yamevikwa vipande vya tairi kuukuu. Hakina pedeli. Mwenyewe hukisukuma kwa mguu mmoja kwenye tambarare na kukiacha kiteremke chenyewe kutoka vijiji vya juu, kikiwa na magunia ya viazi na makaa. Chukudu moja hubeba mzigo ambao ungewatoa jasho watu kadhaa. Mwaka 2009 mji wa Goma ulipata sanamu ya rangi ya dhahabu ya mtu anayesukuma chukudu, imesimama katikati ya barabara kuu. Katika miji mingapi ya Afrika umeona sanamu ya mbeba mzigo?

Sasa, nini hasa kinachomvuta mtu? Wengi hudhani ni ubora. Ubora umo, lakini hautoshi kueleza jambo lenyewe, kwa sababu yapo mambo bora yanayotoka kiwandani na wala hayamkoseshi mtu usingizi. Wengine hudhani ni kuonekana. Hilo nalo limo, nami nitalirudia. Ninavyoona mimi, kinachovuta zaidi ni kipimo. Kuna mtu aliyeutazama mguu wako, mkono wako, njia yako na mzigo wako, kisha akakiamuru chuma kikufuate wewe. Vitu vya dukani hutuamuru sisi tuvifuate. Shati likiwa refu, tunakunja mikono. Baiskeli ikiwa ya mtu mrefu, tunapanda kwa kuegemea ukuta na kukanyaga pedeli kwa ncha za vidole. Maisha ya masikini yamejaa vitu vilivyopimwa kwa mtu mwingine, kuanzia mtumba anaouvaa hadi dawati alilosomea. Siku moja katika umri wake anapokuwa yeye ndiye kipimo, usimcheke akienda kusimama kando ya karakana kila jioni kuangalia kazi imefika wapi.

Na kipimo si jambo dogo katika dini yetu. Allah (s.w.) anatueleza katika Suratus Saba (34:10-11) kuwa alimlainishia Nabii Daud (a.s.) chuma, akamwamuru atengeneze mavazi kamili ya vita na apime vizuri katika kuunganisha pete zake. Angalia kuwa amri ya kupima imekuja pamoja na neema ya kulainishiwa chuma. Pete ikiwa kubwa, mshale hupita. Ikiwa ndogo, vazi humzuia mvaaji kusogea. Nabii aliyekuwa pia mfalme alipewa maagizo ya ufundi, na hadithi iliyomo katika Sahih Bukhari inatueleza kuwa alikuwa akila kutokana na kazi ya mikono yake. Fundi wa Kaliua anayelalia ubavu chini ya baiskeli ya mtu, jicho moja limefumbwa ili aone kama rimu imenyooka, yumo katika kazi yenye nasaba tukufu.

Mkoa wetu, kwa upande mwingine, umewahi kuona chuma kisichopimwa. Majirani zetu wa Urambo wanayo habari ya mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 na kufutwa mwaka 1951. Uliletwa mitambo ya kila aina, mingine ikiwa matrekta yaliyogeuzwa kutoka vifaru vya vita, kulima ardhi ambayo hakuna aliyeipima vya kutosha, udongo wake wala mvua yake. Karanga zilizotarajiwa hazikupatikana. Huo ulikuwa mradi wa serikali kubwa yenye wahandisi. Fundi wetu asingekubali hata kukata nondo kabla hajauliza gunia lina upana gani.

Tuje kwenye hoja ya israfu. Katika Suratun Nahl (16:7-8), Allah (s.w.) anataja neema ya wanyama wanaobeba mizigo yetu hadi kwenye miji ambayo tusingeifikia ila kwa mashaka ya nafsi. Sidhani kuna watu wanaopaswa kuielewa aya hiyo kuliko watu wa njia hii. Kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ilipita katika nchi yetu ya Unyamwezi, na mnyama aliyebeba mizigo alikuwa mtu. Mbung'o aliua ng'ombe na punda njiani, basi babu zetu wakabeba: pembe za ndovu kwenda pwani, vitambaa na shanga kuja bara, kila mmoja kilo 30 hivi begani, kwa miezi mitatu hata minne ya mwendo. Neno mtumba, tunalolitumia leo kwa nguo kuukuu, lilikuwa jina la robota lile la begani. Mjukuu wa mpagazi anapoitazama keria ya nondo ikibeba kilo 100 huku mabega yake yakiwa matupu, furaha yake ina historia nyuma yake. Kumwambia kuwa angetosheka na keria ya karani ni kutojua alikotoka.

Lakini aya haikuishia kwenye mzigo. Inaendelea kutaja farasi, nyumbu na punda, kuwa wameumbwa ili tuwapande na wawe pambo, kisha inasema kuwa Mwenyezi Mungu huumba tusivyovijua. Pambo limetajwa hapo hapo pamoja na kupanda, bila kukemewa. Kwa hiyo yule anayemtuhumu kijana kwa mikanda yake ya rangi na kengele zake mbili ana kazi ya kuleta ushahidi. Mtume (s.a.w.) alipotahadharisha kuwa hataingia Peponi mwenye kibri moyoni japo cha uzito wa chembe, mtu mmoja aliuliza juu ya anayependa nguo yake iwe nzuri na viatu vyake viwe vizuri. Jibu alilopewa, kama lilivyopokewa na Muslim, ni kwamba Allah ni mzuri na anapenda uzuri, na kwamba kibri ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Tafsiri hiyo ya kibri imewaokoa wengi na imewanasa wengi. Inawezekana kabisa mtu akapanda baiskeli chakavu isiyo na breki na akawa na kibri kupita mwenye taa na maua, kwa jinsi anavyowatazama wenye taa na maua.

Ipo pia hadithi ya farasi, iliyomo katika Bukhari na Muslim, ambayo naiona ndiyo mizani ya mambo haya. Farasi, kwa maelezo ya Mtume (s.a.w.), huwa kwa watu watatu: kwa mmoja ni thawabu, kwa mwingine ni sitara, na kwa wa tatu ni mzigo wa dhambi. Mnyama ni yule yule. Wa tatu ni yule aliyemfuga kwa fahari na kujionesha na kwa uadui dhidi ya Waislamu. Wa pili alimfuga kwa kujitegemea, asiombe watu, na hakusahau haki ya Allah iliyomo ndani yake. Baiskeli nyingi za Kaliua, kwa haki, ni sitara. Zinamwezesha mtu asimwombe jirani amchukulie mgonjwa, asilipe bodaboda nusu ya alichokiuza, asichelewe mnadani.

Pamoja na hayo, sitaki kuwapaka mafuta wenzangu wanaume. Ukitaka kujua kama baiskeli ya mtu imekuwa sitara au majivuno, usitazame kengele. Nenda nyumbani kwake. Kama mkewe bado anabeba ndoo ya lita 20 kichwani kutoka kisimani mara tatu kwa siku, na baiskeli yenye keria ya kilo 100 imeegeshwa barazani imefunikwa kanga isipate vumbi, hapo neno israfu limepata pa kukaa. Nafaka ya nyumbani na ada ya mtoto ni wajibu, pambo ni ruhusa, na ruhusa haitangulii wajibu. Tena ni nadra sana kusikia kuwa mwanamke wa kijijini amesimamishwa mbele ya fundi naye akapimwa mguu. Fremu yenye bomba lililoinama, ambayo mwanamke huipanda kwa stara, mafundi wanaijua vizuri. Wateja ndio hawaagizi.

Mpaka hapa nimekuwa upande wa mwenye baiskeli. Sasa nigeukie jambo ambalo, katika mjadala wote huu wa israfu na majivuno, sijasikia mtu akiligusa, na ndilo lililonifanya niandike.

Utamu wa kitu cha kuundiwa ni kwamba hakiwezi kuwa cha mwingine. Kimekufuata wewe. Lakini hebu tujiulize: kama hakiwezi kuwa cha mwingine, nini kinampata fundi siku ambayo wewe hukuja kukichukua?

Hili si swali la kubuni. Bei ya tumbaku hupangwa mbali na shamba, daraja la jani huamuliwa mezani, na yako misimu ambayo malipo huchelewa kwa miezi. Mkulima ameagiza mwezi wa tano kwa tamaa ya pesa za mwezi wa saba. Fundi amekopa nondo, amenunua spoku nene, amemlipa mchomeleaji, ameacha kazi nyingine. Mwezi wa saba malipo hayaji, au yanakuja yamekatwa madeni ya mbolea hadi yamebaki ya chumvi. Mwenyewe anapita njia ya nyuma asionane na fundi. Baiskeli inabaki imening'inia karakanani na jina la mtu nyuma ya madigadi. Nani atainunua? Mrefu itambana, mfupi haifikii, na asiyebeba magunia hahitaji uzito ule. Fundi akiichana na kurudisha vyuma, amepoteza kazi ya mikono yake. Akiuza kwa hasara, mteja mpya atambembeleza ashushe zaidi kwa sababu ina jina la mtu mwingine.

Wanazuoni wetu walilijua jambo hili zamani sana, nao waliliita istisnaa, yaani mkataba wa kumwagiza fundi akutengenezee kitu ambacho bado hakipo. Asili yake ina ushahidi mzuri. Mtume (s.a.w.) alimtumia ujumbe mwanamke mmoja wa Kiansari amwamuru kijana wake seremala amtengenezee mimbari ya kukalia anapowahutubia watu, ikatengenezwa kwa mti wa msitu wa Ghaba. Alipoambiwa kuwa Warumi hawasomi barua isiyo na muhuri, alifanyiwa pete ya fedha yenye maandishi ya muhuri wake. Vyote viwili viliagizwa kwa haja inayojulikana, kwa mtu anayejulikana.

Ila wanazuoni walitofautiana katika swali lile lile la baiskeli iliyoning'inia. Imam Abu Hanifa aliona kuwa mwagizaji, kwa kuwa amenunua asichokiona, ana hiari ya kukikubali au kukikataa atakapokiona. Mwanafunzi wake Abu Yusuf alipinga. Alisema kitu kikija kama kilivyoelezwa, mwagizaji hana hiari tena, kwa sababu fundi ameshaharibu mali yake kukifuata kipimo cha mtu mmoja na huenda asipatikane mwingine wa kukinunua kwa bei ile. Majalla, sheria ya Dola ya Uthmaniya iliyokamilika mwaka 1876, ilichukua kauli ya Abu Yusuf. Ni jambo la kutafakari kuwa kadhi mkubwa wa Baghdad, aliyekaa na makhalifa, alimwona fundi aliyekaa na bidhaa isiyo na mnunuzi.

Sisi wa madhehebu ya Imam Shafii, ambao ndio wengi katika nchi hii, tuna njia nyembamba zaidi. Kuagiza kitu kisichokuwepo tunakuingiza katika hukumu ya salam, na salam inataka sifa zitajwe wazi, muda ujulikane, na bei yote ilipwe pale pale kwenye kikao cha makubaliano. Ukitoa kianzio tu ukaahidi kumalizia baada ya tumbaku, sharti hilo limevunjika. Ipo njia nyingine iliyo nyepesi, na nimefurahi kuona kuwa wateja wengi wa Kaliua wanaifuata bila kujua jina lake: leta baiskeli yako, leta nondo zako na rangi yako, mkubaliane ujira wa fundi. Hiyo ni ijara, kukodi kazi ya mtu. Mali ni yako tangu mwanzo, hasara ya bei ya tumbaku ni yako, na fundi anakudai ujira wake tu, ambao tumeamrishwa kumpa kabla jasho lake halijakauka.

Nasema haya kwa sababu tumezoea kuipima dhambi ya anasa kwa macho: inang'aa kiasi gani, imegharimu kiasi gani, majirani wamesema nini. Wakati huo huo mtu mwenye sura ya zuhudi anaweza kuagiza baiskeli ya kawaida kabisa, isiyo na ua wala kengele, akaichukua kwa nusu ya bei kwa kumbana fundi aliyeona njaa, akaondoka akijihesabu kuwa ameepuka israfu. Kwangu mimi, kijana mwenye kengele mbili aliyelipa ujira kamili siku ile ile yuko karibu zaidi na mwenendo wa Mtume (s.a.w.) kuliko huyo.

Na hapa ndipo cha mkono kinapokizidi cha kiwandani, kuliko hata katika ubora. Cha kiwandani nacho kina watu nyuma yake, ila hatuwaoni. John Dunlop alipotengeneza tairi la upepo mwaka 1888 mjini Belfast, dunia ya wapanda baiskeli ilishangilia, na mahitaji ya mpira yakapanda. Sehemu ya mpira wa miaka iliyofuata ilitoka Kongo, iliyokuwa ikiitwa Dola Huru chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji kuanzia 1885 hadi 1908, ng'ambo tu ya Ziwa Tanganyika kutoka tulipo. Watu waliokusanya mpira ule walichomewa vijiji na kukatwa mikono pale kiasi kilichotakiwa kilipopungua. Mwungwana wa London aliyepanda tairi lake laini Jumapili hakumdhulumu mtu kwa mkono wake, wala hakuwa na njia rahisi ya kumjua aliyedhulumiwa. Mteja wa fundi wa Kaliua hana udhuru huo. Aliyemuundia baiskeli anamwona msikitini, anaijua nyumba yake na anawajua watoto wake. (Nakiri kuwa hakuna baiskeli ya mkono kwa ukamilifu, tairi, cheni na gololi za leo nazo zimetoka kwenye viwanda tusivyovijua, hata zile za Milan.)

Swali la kitu kufuata mwili wa mtu mmoja hurudi kwa sura nyingine katika somo la mirathi. Nimezoea kuwapa wanafunzi wangu hesabu ya marehemu aliyeacha mke, wana wawili wa kiume na binti mmoja. Wanaigawa mali katika sehemu 40: mke 5, kila mwana 14, binti 7. Hesabu huwa rahisi hadi nitakapoingiza baiskeli katika orodha ya mali, iliyoundwa kwa kipimo cha marehemu, imeandikwa jina lake. Mwaka juzi walibishana nayo kipindi kizima. Mmoja alisema ithaminiwe kwa alichomlipa fundi. Mwingine akasema thamani ni ile ambayo mtu atalipa sokoni leo, na kwa mtu wa kawaida chombo kile ni kizito na kirefu mno. Wa pili ndiye aliyepatia. Niliwasimulia kuhusu ile pete ya fedha ya Mtume (s.a.w.), ilivyovaliwa na Abubakar, kisha Umar, kisha Uthman, hadi ilipomponyoka Uthman katika kisima cha Aris pale Madina. Walitafuta siku tatu, wakayachota maji yote, hawakuiona.

Msichana mmoja aliyekaa nyuma akauliza kama binti anaweza kuichukua baiskeli ile katika sehemu zake 7, kisha akampelekea fundi alishushe lile bomba la juu. Nikamwambia anaweza, warithi wenzake wakiridhia thamani, na gharama ya kushusha bomba itoke kwake mwenyewe.